Mlo wa Mbu na Siri ya Kuuma Kwake: Mfano wa Ufuo wa Ziwa Victoria

Utangulizi

Mwenyeji wa Kisumu, Asembo au Mbita hana haja ya kuelezwa mbu ni nani. Giza linapotanda ufuoni, mlio wake humfikia sikioni kila jioni. Hata hivyo, wengi wetu humjua mbu kwa maumivu tu, wala hatumjui kwa tabia. Makala haya yananuia kueleza mbu hula nini, kwa nini baadhi yao huuma na wengine hawaumi, na maarifa hayo yana faida gani kwa wakazi wa kando ya ziwa. Hoja yetu ni kwamba mazoea ya mlo wa mbu yana sehemu kubwa katika kuamua nani ataugua malaria, na kwamba kinga isiyozingatia mazoea hayo huacha mwanya.

Damu ni ya nini?

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba damu si chakula cha kila siku cha mbu. Mbu dume hafyonzi damu kamwe. Huishi kwa maji matamu ya maua na mimea. Jike naye hunywa utamu uo huo ili apate nguvu za kuruka. Kinachomsukuma kutafuta damu ni uzazi, kwa kuwa mayai yake huhitaji protini ili yakomae, nayo protini hiyo huipata katika damu. Akishashiba hutua mahali patulivu, akangoja siku mbili tatu, akataga mayai majini, kisha akaanza kuwinda upya.

Wapo hata mbu wasiofyonza damu maishani mwao mwote. Wale wa jenasi ya Toxorhynchites, ambao hupatikana pia Afrika Mashariki, hujiwekea akiba ya protini wakingali viluwiluwi, kwa kuwala viluwiluwi wa mbu wengine. Jike wao hana sababu ya kumuuma yeyote.

Twasema mbu "huuma", ilhali mdomo wake ni sindano sita nyembamba zilizofumbatwa katika ala moja. Baadhi hupasua ngozi, moja huingiza mate na nyingine hufyonza damu. Mate hayo huzuia damu isigande, na mwili unapoyapinga ndipo tunapohisi mwasho. Ni kupitia mate hayo pia ambapo vimelea vya malaria humwingia binadamu.

Mbu humpataje mtu?

Mbu huongozwa na pumzi zetu. Hewa ya kabonidioksidi tunayoitoa humjulisha kwamba pana kiumbe hai karibu. Akikaribia, huongozwa na joto la mwili na harufu ya ngozi, ambayo kwa kiasi kikubwa hutokana na bakteria waishio juu ya ngozi hiyo. Kwa kuwa harufu za watu hutofautiana, watu wawili wanaweza kuketi pamoja mmoja akaumwa kuliko mwenziwe.

Jambo hili lilichunguzwa magharibi mwa Kenya kwa kuwatumia watoto waliokaa katika mahema, huku mbu wakiachwa wachague harufu bila ya kuweza kuwafikia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2005 yalionyesha kwamba watoto waliobeba vimelea vya malaria vilivyofikia hatua ya kumwambukiza mbu waliwavuta mbu takriban maradufu ya wenzao. Walipotibiwa, tofauti hiyo ilitoweka. Maana yake ni nzito: mtoto anaweza kubeba vimelea hivyo bila ya kuonekana mgonjwa, na wakati huohuo akawa kivutio cha mbu watakaovipeleka kwa jirani. Kwa hivyo, kumtibu mtoto mmoja kikamilifu ni kuwakinga wengi.

Kila mbu na mazoea yake

Mbu wote si wamoja. Culex, anayezaliana katika mitaro ya maji machafu mijini, huwakosesha watu usingizi lakini haenezi malaria. Waenezaji wakuu ufuoni ni Anopheles gambiae, Anopheles funestus na Anopheles arabiensis. Wawili wa kwanza hupendelea sana damu ya binadamu, na aghalabu huuma usiku wa manane ndani ya nyumba. Ndiyo maana vyandarua vilivyotiwa dawa, vilivyojaribiwa Asembo na Gem mwishoni mwa miaka ya 1990, vilipunguza vifo vya watoto wadogo.

Vyandarua vilipoenea katika miaka ya 2000, Anopheles gambiae alipungua sana, na sehemu ya Anopheles arabiensis miongoni mwa mbu waliosalia ikaongezeka. Huyu hufyonza damu ya ng'ombe pia na huweza kuuma nje, hivyo hategemei mtu aliyelala chumbani. Mvuvi wa omena anayekesha ziwani na taa zake, au mama anayepika uani baada ya magharibi, hawezi kuketi ndani ya chandarua. Huo ndio mwanya tulioutaja.

Ili kuuziba, watafiti waliigeukia harufu yenyewe. Katika Kisiwa cha Rusinga, kati ya mwaka wa 2012 na 2015, nyumba ziliwekewa mitego iliyotoa harufu mfano wa ile ya binadamu na kuendeshwa kwa nguvu za jua. Mtego huo uliitwa Suna, neno la Kidholuo lenye maana ya mbu. Idadi ya Anopheles funestus ilipungua kwa karibu asilimia 70, na umeme uliobaki ukawapa wenye nyumba mwangaza.

Hitimisho

Tumeona kwamba mbu huuma kwa ajili ya mayai yake, na kwamba kila aina ina saa, mahali na windo lake. Chandarua kingali ngao ya lazima kwa anayelala, lakini hakimfuati mtu uani wala ziwani. Pale kinapokoma, matibabu kamili ya kila anayebeba vimelea na mbinu za kumnasa mbu nje ya chumba hazina budi kuendeleza kazi. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kuyatoa maarifa haya maabarani na kuyafikisha ufuoni kwa lugha inayoeleweka, kwani mzazi anayejua kwa nini dawa ya mwanawe isikatizwe ndiye atakayeimaliza.