Piano Ndani ya Kompyuta: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Piano halisi ni ghali, ni nzito, na huhitaji fundi wa kuisawazisha mara kwa mara. Kwa sababu hiyo kwaya, studio ndogo na wanafunzi wa muziki hununua kibodi, huiunganisha na kompyuta kwa kebo ya USB, na kuiachia programu kazi ya kutoa sauti. Kibodi hueleza tu ni kitufe gani kimebonyezwa na kwa nguvu kiasi gani. Sauti yenyewe hutoka katika programu.

Programu hizo ni za aina kuu mbili, na mara nyingi jina la bidhaa halioneshi tofauti. Mlaji asiyeijua tofauti hiyo anaweza kutumia michango ya kwaya nzima kununua kitu halali na kizuri, lakini kisichoweza kufanya kazi kwenye kompyuta aliyonayo.

Aina ya kwanza: sauti zilizorekodiwa

Mtengenezaji huchukua piano halisi, hubonyeza kitufe kimoja kimoja, kwa upole na kwa nguvu, na kurekodi kila mlio. Mwanamuziki anapopiga, programu huchagua rekodi inayofaa na kuicheza. Mfano wake ni Salamander, inayopatikana bila malipo, ambayo imerekodiwa kutoka piano ya Yamaha C5 kwa viwango 16 vya nguvu.

Uzuri wa aina hii ni kwamba unasikia piano iliyokuwapo kweli, pamoja na chumba ilimopigwa. Gharama yake ni ukubwa. Piano ina vitufe 88. Kila kitufe kikirekodiwa kwa viwango 16, zinapatikana rekodi 1,408. Kila rekodi ikidumu sekunde 15 kwa ubora wa kawaida wa studio, jumla hufikia takribani gigabaiti 6. Maikrofoni zikiwekwa sehemu nne tofauti, jumla hiyo huwa gigabaiti 24.

Aina ya pili: sauti zinazokokotolewa

Hapa hakuna rekodi za kuchezwa. Programu hubeba kanuni za hesabu zinazoeleza jinsi nyundo inavyogonga uzi, uzi unavyotetemeka, na ubao wa piano unavyokuza mtetemo huo. Kila kitufe kinapobonyezwa, kompyuta hukokotoa sauti papo hapo, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Inayojulikana zaidi ni Pianoteq, iliyotolewa mwaka 2006 na kampuni ya Modartt ya Toulouse, Ufaransa.

Faili lake huhesabiwa kwa megabaiti, si kwa makumi ya gigabaiti. Mtumiaji anaweza pia kubadili ugumu wa nyundo au usawazishaji wa nyuzi, jambo lisilo rahisi kwa sauti iliyokwisha kurekodiwa. Hata hivyo mzigo huhamia kwenye prosesa. Prosesa ikiwa dhaifu, sauti hukwaruza au kukatika pale nyimbo zinapokuwa na sauti nyingi kwa pamoja.

Ipi inakufaa?

Hakuna aina iliyo bora kwa kila mtu. Mlaji wa Tunduma au Vwawa anayepakua kwa kifurushi cha simu ajumlishe bei ya programu na bei ya kifurushi, kwani upakuaji wa gigabaiti 24 ukikatika katikati unaweza kumlazimu kuanza upya. Kompyuta yenye diski ya zamani, iliyo polepole au iliyokaribia kujaa, hutaabika na sauti zilizorekodiwa. Yenye prosesa dhaifu hutaabika na sauti zinazokokotolewa. Sauti ikichelewa kusikika baada ya kubonyeza kitufe, kagua kwanza mpangilio wa sauti wa kompyuta. Mara nyingi tatizo liko hapo, wala halitatuliwi kwa kununua programu nyingine.

Kabla ya kulipa:

1. Linganisha mahitaji yaliyotajwa na muuzaji na kompyuta yako: prosesa, kumbukumbu ya RAM, na nafasi iliyobaki kwenye diski.
2. Tumia toleo la majaribio kama lipo. Lijaribu kwa kompyuta ileile itakayotumika ibadani au studioni.
3. Soma masharti ya kurejeshewa fedha. Wauzaji wengi hawarudishi fedha leseni ikishaamilishwa.
4. Uliza leseni inaruhusu kompyuta ngapi. Ikiwa mnunuzi ni kikundi, isajiliwe kwa barua pepe ya kikundi, si ya mwanachama mmoja anayeweza kuhama.
5. Dai risiti, na hifadhi uthibitisho wa malipo uliofanywa kwa simu.

Haki zako

Jihadhari na flashi zinazouzwa zikiwa na programu za kulipia zilizovunjwa kinga. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na nakala za namna hiyo huweza kubeba virusi. Ukitaka isiyo na gharama, zipo za bure kihalali, kama Salamander.

Muuzaji akikueleza kwamba programu itafanya kazi kwenye kompyuta yako huku akijua sivyo, hiyo si bahati mbaya ya mnunuzi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Mwandikie muuzaji kwanza, ukiambatisha risiti na maelezo aliyokupa. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Kumbuka kwamba bidhaa iliyonunuliwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, imeuzwa chini ya sheria za Zambia. Kuidai haki yako huko kutahitaji safari na muda zaidi.