Jumapili Asubuhi Barabarani: Mbio kwa Waliovuka Miaka Hamsini

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unashushwa taratibu)

Popote ulipo, iwe Kigali, Bujumbura, Bukavu au ng'ambo ya ziwa kule Kigoma, vuta kiti usogee karibu. Leo tuna neno kwa baba na mama waliovuka miaka hamsini, na kwa wewe kijana mwenye mzazi wa umri huo nyumbani. Tunazungumzia mbio za barabarani za mwisho wa juma.

Hebu jione uko Kigali, Jumapili, saa moja asubuhi. Barabara kuu kadhaa zimefungwa. Hakuna gari wala pikipiki. Watu wametoka kwa mamia: wengine wanakimbia, wengine wanatembea, watoto wako juu ya baiskeli. Utaratibu huu ulianzishwa mwaka 2016, na baadaye ukawa wa mara mbili kwa mwezi, Jumapili ya kwanza na ya tatu. Pembeni mwa njia wahudumu wa afya huwapima watu presha na sukari bila malipo.

Sasa na wewe umo. Una miaka 58. Umevaa raba mpya. Kijana wa miaka 20 anakupita, nawe unatabasamu tu. Mbele kidogo, kwenye mlima, jirani wa rika lako naye anakupita. Anageuka, anakupungia mkono. Kifua kinakubana kidogo. Je, utapunguza mwendo, au utaongeza?

Likumbuke swali hilo, msikilizaji, kwa sababu tutalirudia.

(Muziki mfupi)

Kwanza tujibu maneno ya mtaani. Kuna wanaosema, "Mzee mzima anakimbia anafukuzwa na nani?" Mama akivaa suruali ya mazoezi, watu wanamtazama mara mbili. Na wako wanaosema kukimbia kunamaliza magoti.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima, pamoja na waliovuka miaka 65, wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150. Kutembea haraka ni mazoezi ya wastani. Kukimbia kunahesabiwa kuwa mazoezi makali. Kwa hiyo mzee anayekimbia hafanyi utoto. Anaulinda moyo wake, anaisaidia presha yake ishuke, anausaidia mwili wake utumie sukari vizuri, na usiku analala usingizi mzuri zaidi.

Kuhusu magoti, tafiti za watu wanaokimbia kwa kujifurahisha hazijaonyesha kwamba mbio za kiasi huharibu goti lenye afya. Aliyewahi kuumia goti, au ambaye goti lake linavimba, huyo amwone mtaalamu kabla ya kuanza.

Labda utasema, "Mimi nimeshachelewa." Msikilizaji, mwaka 2003 mzee mmoja wa Kanada, Ed Whitlock, alikimbia marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195, kwa muda wa saa 2, dakika 59 na sekunde 10. Alikuwa na miaka 72, na alikuwa mtu wa kwanza aliyevuka miaka 70 kumaliza marathoni chini ya saa tatu. Hatukutajii habari hii ili umfuate kwa kasi. Tunakutajia kwa sababu ya namna alivyojiandaa: alizunguka polepole, siku baada ya siku, katika makaburi yaliyokuwa karibu na nyumba yake. Mtu mwenye kasi ya ajabu siku ya mashindano alikuwa mtu wa mwendo mdogo siku za kawaida.

(Muziki mfupi)

Sasa tuuangalie mwili wenyewe. Ni nini kinachobadilika mtu anapovuka miaka hamsini?

Moyo hubadilika. Idadi ya juu kabisa ya mapigo ambayo moyo unaweza kufikisha kwa dakika hupungua kadiri miaka inavyoongezeka. Ndiyo maana mwendo uliokuwa rahisi ukiwa na miaka 30 leo unakukata pumzi. Hilo ni jambo la kawaida, lisikutie aibu.

Misuli nayo hupungua, hasa usipoitumia. Na ziko kano, zile nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, kama ile ya nyuma ya kisigino. Kano huchelewa kuzoea mazoezi. Hapa ndipo wengi huumia. Baada ya wiki tatu pumzi imeshafunguka, mtu anajiona amekuwa kijana, anaongeza kilomita ghafla. Moyo umekubali, lakini kisigino hakijawa tayari. Kesho yake anachechemea.

Jambo la tatu ni kiu. Mtu wa umri mkubwa huchelewa kusikia kiu, hata kama mwili umeshapoteza maji. Kwa hiyo usisubiri koo likauke. Lakini pia usijilazimishe kunywa lita na lita, maana maji yakizidi sana hupunguza chumvi katika damu, na hiyo nayo ni hatari. Kunywa kidogo kidogo, hasa pale palipo na joto. Bujumbura, iliyo kando ya ziwa, ina joto kuliko Kigali. Kigali nayo ina vilima, na iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hivyo mgeni atokaye pwani atahisi pumzi fupi siku za mwanzo.

(Muziki mfupi)

Mpendwa msikilizaji, tumefika mahali penye uzito. Presha haina kelele. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi, analima, anabeba mizigo, anacheka na watu, wala hajui. Halafu siku moja anaingia kwenye mbio bila kupimwa, anaupa moyo kazi ambayo haujaizoea. Mbio hazikuleta ugonjwa. Ugonjwa ulikuwemo, nazo mbio zikaufichua mahali pabaya.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla hata ya kununua raba, ni kwenda kupimwa. Nenda kituo cha afya kilicho karibu. Pima presha, pima sukari. Mweleze mhudumu waziwazi kwamba unataka kuanza kukimbia. Mwambie kama kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla au aliyeugua moyo, na kama wewe mwenyewe umewahi kuhisi kifua kubana, kuzimia au kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo.

Kama unatumia dawa, uliza maswali haya. Je, dawa yangu ya presha inanifanya nikojoe sana? Kama ndivyo, siku ya joto unaweza kuishiwa maji upesi. Je, inapunguza mapigo ya moyo? Kama ndivyo, usitegemee kuhesabu mapigo ili kujua kama umejichosha, kwa sababu hesabu itakudanganya. Mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vinavyoshusha sukari, aulize namna ya kula kabla ya mazoezi, na abebe kitu kitamu mfukoni. Tena akague nyayo zake kila anapovua viatu, maana kidonda kidogo asichokihisi kinaweza kuwa kikubwa. Usiache dawa wala usipunguze kwa sababu tu unajisikia vizuri. Na usimeze dawa za maumivu kama ibuprofen ili uweze kukimbia. Mwili ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizo zinaweza kuumiza figo.

(Muziki mfupi)

Umepimwa, umeruhusiwa. Sasa unaanzaje? Chagua mbio za kilomita 5, na ujipe miezi miwili au zaidi.

Wiki mbili za kwanza, tembea haraka kwa nusu saa, siku tatu au nne kwa wiki. Usikimbie hata kidogo.

Wiki ya tatu na ya nne, kimbia polepole dakika moja, tembea dakika mbili, urudie hivyo kwa nusu saa.

Wiki ya tano na ya sita, kimbia dakika tatu, tembea dakika moja. Baada ya hapo ongeza kidogo kidogo. Kati ya siku moja ya kukimbia na nyingine, weka siku ya kupumzika au ya kutembea tu. Kama wiki imekuwa ngumu, irudie. Hakuna anayekufukuza.

Mara mbili kwa wiki, imarisha miguu. Kaa kwenye kiti kigumu, simama bila kushika kitu, kaa tena, mara kumi. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Mazoezi haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayokukinga usianguke, na mtu mzima akianguka mifupa huchelewa kupona.

Utajuaje kama mwendo wako ni wa kufaa? Zungumza. Ukiweza kusema sentensi nzima na mwenzako huku mnakimbia, mwendo ni mzuri. Ukitoa neno moja moja, punguza. Ukishindwa kabisa kusema, tembea. Ndiyo maana ni vizuri kukimbia na wenzako. Pale Bujumbura, vikundi vinavyokimbia mwisho wa juma huimba pamoja njiani. Anayeweza kuimba bado ana pumzi.

(Muziki mfupi)

Siku ya mbio imefika. Kula chakula ulichokizoea, saa mbili au tatu kabla. Vaa viatu ulivyovizoea. Raba mpya kabisa huivalii siku hiyo. Anza kwa kutembea dakika kumi ili mwili upate joto, na usimame nyuma ya kundi, usije ukasukumwa na vijana wanaotoka kwa kishindo. Kama juma hilo ulikuwa na homa au kikohozi cha kifua, baki nyumbani. Mbio nyingine zitakuja.

Ukiwa njiani, simama mara moja na uombe msaada ukiona dalili yoyote kati ya hizi: kifua kubana au kuuma, maumivu yanayopanda shingoni, kwenye taya au kwenye mkono, kizunguzungu, moyo kwenda mbio bila mpangilio, au pumzi kukatika hata baada ya kupunguza mwendo. Baadhi ya watu, hasa akina mama, hawasikii maumivu makali. Wanahisi uchovu wa ghafla usio wa kawaida, kichefuchefu au jasho baridi. Usiseme, "Nimalize kwanza." Hakuna medali inayolingana na uhai wako.

Na ukimwona mwenzako ameanguka, haitikii wala hapumui kawaida, usimwage maji usoni na kungoja. Piga kelele watu waite gari la wagonjwa. Piga magoti kando yake, weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke kama sentimita 5, kisha kiachie kipande. Endelea mpaka msaada ufike. Kijana unayetusikiliza, jifunze jambo hili. Huenda ukamhitajia baba yako.

Ukifika mwisho, usisimame ghafla. Endelea kutembea dakika tano hadi kumi. Wakati wa kukimbia damu nyingi huwa imeelekea miguuni, na ukisimama ghafla kichwa hukosa damu ya kutosha, ukaanguka ukiwa tayari umemaliza.

(Muziki mfupi)

Sasa turudi kwenye ule mlima. Jirani amekupita, anakupungia mkono, na kifua chako kinabana. Utafanya nini?

Jibu unalo. Unasimama, unatoka kando ya njia, unamwita mhudumu. Watu watakuona? Waache wakuone. Mwezi ujao, baada ya kupimwa tena na kuruhusiwa, utakuwa barabarani, na jirani yuleyule atafurahi kukuona.

Na kama kifua hakibani, ila roho tu inauma kwa sababu umepitwa, basi mpungie mkono jirani, uendelee na mwendo wako. Wazee walisema, mwenda pole hajikwai. Mbio za mtu mzima hazipimwi kwa nani alitangulia Jumapili hii. Zinapimwa kwa kuwa Jumapili ya mwaka ujao, na ya miaka kumi ijayo, bado utafunga kamba za viatu vyako mwenyewe, uende dukani kwa miguu yako, na umkimbilie mjukuu anapokaribia barabara.

Wiki hii tunakuomba jambo moja tu: nenda ukapimwe presha. Kama una mzazi nyumbani, mpeleke, halafu jioni tembeeni pamoja nusu saa.



(Muziki wa kufunga kipindi)