Pai ya nyanya isiyo na unga yamrudisha mama mezani

MAMA yangu hakubali kwamba amekula kama hajamega tonge la ugali. Ndivyo alivyotulea Ulyankulu, mkoani Tabora, tulikokuwa wakimbizi, na tuliporudi Burundi mwaka 2009 mwiko wake ulikuwamo kwenye mizigo. Kwa hiyo alipogundulika kuwa na kisukari na kuambiwa apunguze wanga, yeye alielewa kwamba amenyimwa chakula.

Kosa letu sisi watoto lilikuwa kuondoa badala ya kupunguza. Siku moja alimeza vidonge asubuhi, mchana akasusa sahani ya mboga tupu, akisema hicho ni chakula cha sungura. Alasiri tulimkuta anatokwa na jasho na mikono inamtetemeka. Sukari ilikuwa imeshuka. Tulimpa maji ya sukari, akapata nafuu. Baadaye muuguzi alitueleza kwamba baadhi ya vidonge hivyo huishusha sukari hata kama tumbo ni tupu, na kwamba anayevitumia, au anayejidunga insulini, asibadili mlo ghafla bila kuzungumza na anayempa dawa.

Tangu hapo nilitafuta chakula cha kuweka katikati ya meza, kikatwe tule wote, mama akiwemo. Nilichokipata ni pai ya nyanya ambayo ganda lake ni la karanga. Gramu 100 za unga wa ngano zina wanga wa takriban gramu 75, wakati karanga za uzito huohuo hazifikishi gramu 20. Hata hivyo zina mafuta mengi, hivyo kipande kimoja kinatosha.

Chukua vikombe viwili vya karanga, uzichambue. Zilizosinyaa, zilizogeuka rangi au zenye ukungu tupa, hata kuku usiwape, kwani sumukuvu haimalizwi na moto wa kikaangio. Zikaange kidogo, ondoa maganda, ziache zipoe kabisa ndipo utwange. Zikiwa kama chenga, acha. Ukizidisha zitatoa mafuta na utabaki na karanga laini za kuunga mchicha. Changanya na yai moja, chumvi na kijiko cha mafuta, kisha kandika kwa vidole ndani ya sufuria pana iliyopakwa mafuta, ukipandisha kingo.

Nyanya ndizo zilizonitia aibu. Pai yangu ya kwanza ilitoka supu, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya nyanya ni maji. Sasa nachagua tano zilizoiva lakini ngumu, nazikata slesi, nazinyunyizia chumvi na kuzilaza juu ya kitambaa safi kwa nusu saa. Kitambaa hulowa chapachapa. Nazifuta kabla ya kuzipanga.

Oveni sina. Hapa Rumonge natumia njia tuliyojifunza katika somo la sayansi kimu kule Ulyankulu: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu juu ya jiko la mkaa, ndani yake sufuria ya pai, na juu mfuniko wa bati uliojaa makaa. Makaa mengi yawe juu, chini machache, la sivyo karanga zitaungua. Oka ganda peke yake kwa dakika 10. Kisha panga nyanya, vitunguu viwili vilivyokaangwa na majani ya mrehani, umimine mayai matatu yaliyopigwa pamoja na pilipili manga. Mwenye jibini aongeze; ile ya Masisi, kutoka Kivu, huyeyuka vizuri. Baada ya nusu saa hivi tikisa sufuria. Katikati pakiwa hapachezi, ipua, uache ipoe robo saa ndipo ukate.

Siku ya kwanza mama aliila kwa mkono, kisha akauliza ugali uko wapi. Nilikuwa nimemwekea kidogo, kiasi cha ngumi yake, kama muuguzi alivyoelekeza. Alimaliza vyote viwili.

Juzi alinikuta natwanga uani, akaninyang'anya mchi.

"Lete hapa, mwalimu," alisema. "Karanga hazitwangwi kama unafukuza mwizi."