Mashamba ya Meru yanageuka viwanja: Wakulima wafanye nini?

UKITOKA Arusha mjini kwa barabara ya Moshi hadi Tengeru na Usa River, au ukishika barabara ya Namanga hadi Ngaramtoni, utaona jambo moja kila upande. Palipokuwa na migomba na kahawa pamesimama nguzo za zege, na kando yake bango la viwanja vinavyouzwa, hatua 20 kwa 20.

Jiji linakua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 617,631. Hilo ni ongezeko la watu zaidi ya 200,000 katika miaka kumi, na wote wanahitaji mahali pa kulala. Makala haya hayapingi watu kujenga. Yanauliza kwa nini nyumba zijengwe kwenye udongo mzuri wa volkano wenye mifereji ya maji, wakati kuna maeneo makavu na yenye mawe yasiyofaa kwa kilimo.

Aidha, suala hili si la mkulima peke yake. Mama anayenunua nyanya na mboga Tengeru siku ya soko na kuziuza Kilombero anategemea mashamba yaliyo karibu. Yakihama, nauli inapanda, mboga inafika imenyauka na faida yake inapungua.

Ardhi inaondoka kidogo kidogo

Wengi hudhani adui ni mradi mmoja mkubwa unaokuja na matingatinga. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi inaondoka kimya kimya: kijana anauza kipande, jirani anamfuata, na dalali anaunganisha vipande na kuvikata viwanja. Hakuna mkutano ulioitishwa, na hakuna aliyepinga.

Tatizo ni kwamba shamba moja likiuzwa, hasara haiishii kwa muuzaji. Mfereji unaopita hapo unazibwa na ukuta, na wakulima kumi walio chini wanakosa maji. Mvua ikinyesha, maji yaliyokuwa yakinywewa na udongo yanatiririka kutoka kwenye mabati hadi kwa walio bondeni. Ndiyo maana wanakijiji wote wana haki ya kusema juu ya jambo hili.

Fanya hesabu kabla ya kuuza

Tuchukue mfano, na kila msomaji aweke namba zake mwenyewe. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Ukitoa asilimia 20 kwa ajili ya barabara, zinabaki takriban 3,240, yaani viwanja vinane vya mita 20 kwa 20. Tuseme dalali anakulipa Sh40 milioni kwa ekari, kisha anauza kila kiwanja kwa Sh9 milioni. Atapata Sh72 milioni. Hata akitoa gharama za upimaji na barabara, sehemu nzuri ya faida imekwenda kwake.

Sasa tuseme ekari hiyo ina maji ya mfereji na inakupa faida ya Sh3 milioni kwa msimu, misimu miwili kwa mwaka. Katika miaka isiyofika saba umepata Sh40 milioni, na shamba bado ni lako. Hata ukiziweka fedha hizo mahali zinapozaa asilimia 10 kwa mwaka, utapata Sh4 milioni, siyo Sh6 milioni.

Hata hivyo, hesabu hii ina upande wa pili. Kama shamba linakupa Sh1 milioni tu kwa mwaka, kuuza kutakuvutia, na hakuna hotuba itakayokuzuia. Kwa hiyo kampeni ya kulinda mashamba lazima iende pamoja na kusafisha mifereji, kutafuta mbegu bora na kuuza kwa pamoja. Kituo cha utafiti cha TARI na kile cha Kituo cha Mboga Duniani vyote vipo Tengeru. Shamba lisilolipa halilindwi na sheria peke yake.

Somo la Engare Nanyuki

Wameru hawaanzi leo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kupisha mashamba 13 ya mifugo ya walowezi. Wananchi hawakutawanyika. Walikataa fidia, wakaunda umoja wao, wakachanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa, New York, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Lakini dunia ilisikia, mpango wa mifugo haukufanikiwa, na katika miaka iliyofuata ardhi ilirudi mikononi mwa Wameru.

Somo ni rahisi: sauti moja, michango ya wenyewe na madai ya maandishi. Leo hakuna haja ya kwenda New York. Silaha ya kwanza iko kijijini.

Mkutano mkuu wa kijiji

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu. Mtu asiye mwanakijiji naye hapati ardhi kwa makubaliano yake na muuzaji pekee. Idhini ya halmashauri ya kijiji inahitajika. Serikali ikitaka kuihamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, taarifa hutolewa kwenye Gazeti la Serikali na kupelekwa kijijini. Kwa eneo la hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa.

Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Usipohudhuria, watakaoamua ni hao wachache waliokuja. Kwa hiyo:

Kwanza, hudhurieni kwa wingi, wanawake na vijana wakiwemo. Ulizeni ni vipande vingapi vimeuzwa na nani aligonga muhuri. Hakikisheni majibu yameandikwa kwenye muhtasari na mpate nakala. Neno lisiloandikwa halisaidii mbele ya baraza.

Pili, daini mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji chini ya sheria ya mwaka 2007. Mpango huo unatenga eneo la kilimo, la makazi, la vyanzo vya maji na la barabara. Tengeni mahali pa vijana wenu kujenga, la sivyo watajenga shambani. Kisha tungeni sheria ndogo, zikaidhinishwe na halmashauri ya wilaya.

Tatu, chukueni hati za hakimiliki ya kimila. Maeneo ya pamoja yanaweza kupata hati ya kundi. Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, walipata hati ya namna hiyo mwaka 2011.

Nne, lindeni maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na vyanzo vya maji. Jumuiya ya watumia maji iliyosajiliwa inaweza kupeleka malalamiko Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Mradi mkubwa wa makazi unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wana haki ya kupeleka maoni yao NEMC.

Walioingia mjini

Kata zilizomo ndani ya jiji hazina tena mkutano wa kijiji. Huko hutumika Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na pia kuna Mpango Kabambe wa Arusha unaofika hadi 2035, ambao unagusa pia sehemu za halmashauri za Arusha na Meru. Nendeni ofisi ya mipango miji mkaangalie ramani: shamba lako limepangiwa nini? Pingamizi la kubadili matumizi ya ardhi liandikwe, lisainiwe na wengi, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Mkabidhini diwani hoja hiyo, kisha mkasikilize kikao cha baraza la madiwani, maana kiko wazi kwa wananchi.

Mahakama iwe hatua ya mwisho

Tangu mwaka 2021 baraza la kata halihukumu tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayetaka kuishtaki halmashauri anatakiwa, tangu mwaka 2020, kutoa notisi ya siku 90, kufungua kesi Mahakama Kuu na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hiyo ni njia ndefu yenye gharama, na nyumba zinaendelea kupanda wakati kesi inaahirishwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta wenyewe unajengwa na mwingine, tena juu ya mfereji wako. Vigingi vya wapima vikishachimbiwa, mtabaki kubishania fidia. Kabla ya hapo mnaweza kuamua juu ya ardhi yenyewe. Ulizeni leo tarehe ya mkutano mkuu ujao wa kijiji chenu, na kila mmoja aende na jirani yake.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.