Jostiki ya mtumba: Jinsi ya kuiandaa kabla ya kurusha ndege ya kivita kwenye kompyuta

MKAZI wa Gatina, mtaani Kawangware, hahitaji kusafiri mbali ili aone ndege ikipaa. Uwanja wa Ndege wa Wilson uko upande wa pili wa Kibera, na ndege ndogo huingia na kutoka humo.

Hata hivyo, kati ya kuitazama ndege na kuirusha pana bonde pana la fedha. Karo ya shule za urubani ni mzigo ambao wazazi wengi mtaani hawauwezi. Kwa kijana mwenye hamu hiyo, mlango ulio karibu ni programu ya kompyuta inayoigiza urukaji, na hasa ile ya ndege za kivita.

Baadhi ya programu hizo hazilipiwi. DCS World hupatikana bure pamoja na ndege mbili: Su-25T ya kushambulia shabaha za ardhini na TF-51D ya mafunzo. Mwenye kompyuta dhaifu anaweza kutumia IL-2 Sturmovik 1946, iliyotolewa mwaka wa 2006 na isiyodai mashine yenye nguvu nyingi.

Mkenya atafurahia zaidi kujua kwamba F-5E, aina ya ndege ambayo Jeshi la Wanahewa la Kenya lilianza kuipokea mwishoni mwa miaka ya 1970, imo pia katika DCS World, ingawa hiyo hulipiwa.

Tatizo huanza pale kijana anapojinyima kwa miezi kadhaa, akanunua jostiki ya mtumba, akaichomeka kwenye kompyuta, kisha ndege ikaanguka kila inapopaa. Wengi hukata tamaa na kuamini kwamba wameuziwa kifaa kibovu au kwamba urubani si wa watu kama wao. Mara nyingi kosa ni la mpangilio tu.

Kabla ya kulipa

Jambo la kwanza ni kukagua waya. Jostiki za zamani zina plagi pana yenye pini 15, na kompyuta za siku hizi hazina tundu lake. Nunua yenye plagi ya USB.

Pili, uliza iwapo ina mihimili minne. Wa kwanza huinua na kushusha pua ya ndege, wa pili huinamisha bawa kushoto au kulia, na wa tatu hugeuza usukani wa mkia. Katika jostiki nyingi huu wa tatu ni kule kuizungusha fimbo yenyewe. Wa nne ni throtoli, yaani wenzo wa kuongeza na kupunguza nguvu za injini.

Jostiki kama Logitech Extreme 3D Pro ina mihimili yote minne katika kifaa kimoja, kwa hivyo humfaa anayeanza. Anayeweza kutumia zaidi hununua throtoli ya kando, ili mkono wa kulia ushike fimbo na wa kushoto ushike injini, kama afanyavyo rubani wa F-16.

Tatu, mwombe muuzaji akuruhusu uijaribu. Katika Windows, andika joy.cpl kwenye sehemu ya kutafuta, kisha ufungue dirisha la majaribio. Sogeza fimbo taratibu. Alama ikirukaruka, sehemu inayopima mwendo ndani yake imechakaa au imeingia vumbi. Jostiki zinazopima kwa sumaku hudumu zaidi kwa sababu sehemu zake za kupimia hazisuguani.

Hatua kwa hatua

Ukifika nyumbani, chomeka jostiki moja kwa moja kwenye kompyuta. Vigawanyio vya USB vya bei rahisi huenda visifikishe umeme wa kutosha, na kifaa kikakatika ukiwa angani.

Katika dirisha lile la Windows, fanya usawazishaji. Kompyuta itakuomba uiache fimbo katikati, kisha uizungushe hadi mwisho wa kila upande. Hapo ndipo inapojifunza kati na mipaka ya kifaa chako.

Sasa fungua mchezo, uingie kwenye sehemu ya vidhibiti. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Programu nyingi hujigawia mihimili zenyewe. Ukiwa na vifaa viwili, jostiki na throtoli ya kando, huenda zote mbili zikapewa kazi ya kuinua pua. Ndege hupokea amri mbili zinazopingana, nayo hubiringika mithili ya mlevi. Futa kila kitu ambacho mchezo umejigawia, kisha ugawe upya mwenyewe, mhimili mmoja kwa kazi moja.

Hakikisha mielekeo ni sahihi. Ukivuta fimbo kujielekea, pua ya ndege ipande. Ukisukuma mbele, ishuke. Throtoli ikisukumwa mbele, injini ingurume. Throtoli nyingi huja zikiwa kinyume, na rubani anayedhani amezima injini kumbe ameifungua yote. Katika IL-2, injini inayoachwa kwa nguvu zote muda mrefu huchemka na kuharibika. Alama ya kugeuza mhimili huwa katika dirisha hilo hilo.

Eneo bubu na mkunjo

Fimbo ikiachwa bila kuguswa, alama yake inapaswa kutulia. Ikiwa inatikisika kwa asilimia mbili, weka eneo bubu la asilimia tatu, yaani sehemu ya katikati ambayo mchezo hauisikilizi. Usizidishe. Eneo bubu kubwa huifanya ndege isiitikie, kisha ikashtuka ghafla, na hapo huwezi kulenga shabaha.

Kinachofuata ni mkunjo. Fimbo ya ndege halisi ni ndefu, kwa hivyo mkono husogea sana kabla ndege haijageuka sana. Jostiki ya mezani ni fupi; sentimita moja tu ya mkono ni pembe kubwa. Mkunjo hupunguza ukali wa fimbo karibu na katikati na kuuacha mwishoni. Anza na 15 katika DCS World, uruke, kisha uongeze au upunguze kidogo kidogo.

Usiweke mkunjo kwenye throtoli. Injini inahitaji uwiano ulio sawa toka mwanzo hadi mwisho. Kwa ndege ya injini mbili kama F-5E, mwenye wenzo mmoja auunganishe na injini zote mbili. Sehemu ya mwisho ya throtoli huwasha mwako wa ziada, ambao huongeza kasi lakini hunywa mafuta kwa pupa.

Fimbo ya mbali haiui nyoka

Katika vita vya angani hakuna nafasi ya kutafuta kitufe kwenye kibodi. Weka kwenye jostiki vile unavyovihitaji upesi: kufyatua risasi, kuchagua silaha, breki za hewani na trimu. Kile kitufe kidogo cha juu kinachoelekea pande nane kitumie kutazama huku na huku, kwa maana rubani asiyetazama nyuma huuawa na adui asiyemwona.

Trimu ndiyo hupuuzwa zaidi. Ndege inapobadilisha kasi, pua yake hupanda au hushuka. Badala ya kung'ang'ana na fimbo hadi kiganja kiume, bonyeza trimu kidogo kidogo huku ukiirudisha fimbo katikati, mpaka ndege ijiendee yenyewe.

Mwisho, hifadhi mpangilio wako. Anayecheza katika saiba auchukue kwenye flashi, kwa kuwa atakayemfuata kwenye mashine huenda akaubadilisha. Hata mwenye kompyuta yake anahitaji nakala, maana stima haimwambii mtu saa itakapopotea.

Si leseni

Ni vyema mzazi na kijana waelewane mapema. Saa za kuchezea nyumbani hazihesabiki katika leseni. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani wa kibinafsi hudai umri wa miaka 17 na takriban saa 40 za kuruka, na nchini hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya (KCAA).

Lakini si kazi bure. Anayefahamu kwa nini ndege huanguka ikipoteza kasi, na anayeweza kusoma dira na kipimo cha kimo, hatakuwa mgeni wa kila kitu siku atakapoingia darasani. Pia, kijana aliyeifungua jostiki, akaipangusa na kuirekebisha kwa subira, amejifunza ufundi ambao huenda ukamlisha hata asipopaa kamwe.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Kwa kijana wa Gatina, lele hiyo ni alama ndogo kwenye kioo cha kompyuta, iliyotulia katikati bila kutikisika.