Nguo Tatu Nyepesi Zashinda Koti Moja Zito

Nchi ya Arua iko karibu na Ikweta, na kwa hiyo wageni wengi hudhani kwamba huko joto halipungui. Wenyeji wajua vingine. Mji wa Arua umesimama kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi huwa na ubaridi, adhuhuri jua huchoma, na tangu Aprili hadi Novemba mvua kubwa yaweza kushuka alasiri. Atokaye Logiri alfajiri kwenda sokoni Arua na kurejea magharibi aweza kuonja hali zote tatu kwa siku moja.

Kosa tuonalo mara nyingi ni kutegemea koti moja zito. Mvaaji hutoka jasho njiani, hulivua juani, kisha hulivaa tena juu ya shati lililolowa. Pamba ikilowa huchelewa kukauka, nayo hupoza mwili. Hapo koti halimfai kitu. Na fedha iliyonunua koti hilo huenda ingetosha kumpatia mtoto wa shule sweta na koti jepesi katika mivumba, yaani mitumba.

Yafaa basi kuvaa nguo tatu nyepesi. Ya kwanza iwe fulana nyembamba, nayo ibadilishwe ikilowa. Ya pili iwe sweta, hasa la sufu, kwa maana sufu huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu. Ya tatu iwe koti jepesi lisilopitisha upepo. Kitunzacho joto ni hewa inaswayo kati ya nguo na nguo. Kwa hiyo zisibane. Waendesha bodaboda walifahamu mapema jambo la upepo: wengi wao huvaa koti nyuma mbele ili kifua kisipigwe.

Na umaridadi je? Kitenge chenye maua mengi kionekane mahali pamoja tu. Nguo nyingine ziwe za rangi moja iliyomo katika maua hayo. Nguo ya ndani isining'inie chini ya ile ya nje. Kitenge cha pili, kikikunjwa kikapuni, chatosha kuwa mtandio wa jioni. Mama abebaye mtoto mgongoni akumbuke kwamba mwili wake mwenyewe humpa mtoto joto. Asimvike kupita kiasi, bali achukue nguo kavu ya kumbadilisha.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini aondokaye nyumbani gizani hayaoni mawingu ya alasiri. Basi na ajitayarishe kabla ya kufunga mlango.