Ndizi Tupu Hazimkuzi Mjusi wa Mwanao

Mzazi uliyeko Ulaya au Marekani, huenda mwanao anafuga geko mwenye kishungi, mjusi mpole wa asili ya New Caledonia. Akianguliwa ana takriban gramu 2 tu, na anapenda vitamu. Ndiyo maana wengi humpa ndizi ya kuponda wakadhani wamemaliza. Hapo ndipo wanapokosea. Bila madini ya kalsiamu na vitamini D3 mifupa hulainika, taya hulegea, na uti wa mgongo ukishapinda haunyooki tena.

Nunua unga wa chakula cha geko, ukoroge na maji, umwekee jioni, maana hula usiku. Mara moja au mbili kwa wiki mwongezee nyenje wadogo waliopakwa kalsiamu, wasiozidi nafasi iliyo kati ya macho yake. Taya likilegea, mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo.